Tukipewa Mapipa na Mwenye Chupa

Wengi wenu mmetuuliza, kwa barua na kwa mdomo, habari ya makampuni yatoayo fedha kwa kazi ya kulinda nchi: yanunuayo miche ya miti, yagawayo mapipa ya taka, yalipiayo siku za usafi na mafundisho ya mazingira mashuleni. Mwauliza kama yafaa kupokea. Tumekawia kujibu, maana jambo hilo lilitufikia sisi wenyewe mlangoni, na si rahisi mtu kusema vema juu ya neno ambalo angali analijutia. Sasa twajaribu.

Mwaka juzi, siku chache baada ya Kipaimara, walikuja kwetu wageni watatu wa kampuni moja iuzayo maji ya kunywa na maji ya matunda katika chupa za plastiki. Jina lake hatulitaji, wala si mojawapo ya zile tutakazozitaja hapa chini. Walikuwa watu wa adabu. Walikuwa wameona, kama tuonavyo sote, jinsi mfereji upitao chini ya kanisa unavyojaa chupa tupu kila baada ya sikukuu, hata maji hufurika juu ya njia na kuingia katika migomba ya watu. Wakatupa mapipa 6 yaliyopakwa rangi na alama ya kampuni, na fulana 200 za vijana, na miche 400 ya miringaringa na misesewe. Wakaomba siku moja ya usafi, wakapiga picha nyingi, kisha wakasimamisha ubao penye njia panda, wenye jina la kampuni kwa herufi kubwa na jina la usharika kwa herufi ndogo. Tena wakatupa karatasi ya mafundisho, wakaomba isomwe kanisani. Tukaisoma Jumapili iliyofuata, sisi wenyewe, kwa kinywa chetu, baada ya matangazo.

Karatasi ile ilisema ya kuwa taka ni aibu ya mtu mchafu. Ya kuwa atupaye chupa mferejini amkosea Mungu na jirani yake. Ya kuwa kila mtu na aanze na nafsi yake. Hapakuwa na neno hata moja la uongo ndani yake, ndiyo maana hatukusita.

Kesho yake mama mmoja mzee, muuza ndizi, alitujia barazani. Akasema, "Baba Mchungaji, jana nimesikia ya kuwa sisi ndio wachafu. Sikatai. Lakini hebu nikukumbushe. Zamani tulipokunywa soda pale dukani, mwenye duka hakukuacha uondoke na chupa. Ukitaka kwenda nayo nyumbani, uliacha fedha yako. Mtoto akiokota chupa njiani, aliishika kwa mikono miwili kama yai, akakimbia nayo dukani. Hapakuwa na chupa mferejini. Je, siku zile tulikuwa na mioyo safi kuliko leo?"

Hatukuwa na jibu. Tulimpa chai, tukamsindikiza mpaka njiani, tukarudi na swali lake. Tukaanza kusoma, na tuliyoyakuta yalikuwa ya kale kuliko tulivyodhani, tena yalianza mbali na kwetu, huko Marekani. Tutayasimulia kwa urefu kidogo, maana ndiyo yaliyotufungua macho.

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, wenye viwanda vya bia na soda katika nchi ile walianza kuiacha desturi ya chupa irudiyo kiwandani. Hapo kwanza mtu alinunua kinywaji akaweka rehani ya senti chache kwa ajili ya chupa. Akiirudisha, alipewa senti zake, nayo chupa ikaoshwa na kujazwa tena, mara nyingi. Chupa na mikebe ya kutupwa ilikuwa rahisi zaidi kwa mwenye kiwanda, kwa kuwa hakuwa na haja tena ya kukusanya, wala kuosha, wala kubeba kreti tupu safari ndefu. Lakini kazi ya kukusanya haikuisha. Iliwahama wao, ikawaangukia wengine: wenye mashamba, wenye miji, na mito isiyo na msemaji.

Katika jimbo la Vermont wakulima walilalamika ya kuwa chupa zatupwa majanini na ng'ombe wao wadhurika. Mwaka 1953 baraza la jimbo likakataza kuuza bia katika chupa zisizorudishwa. Mwaka ule ule wa 1953 wakubwa wa makampuni ya mikebe na chupa, pamoja na wenzao wengine, wakaanzisha chama, jina lake Keep America Beautiful, kiwafundishe watu kutunza uzuri wa nchi yao na kutotupa taka ovyo. Sheria ya Vermont haikudumu. Mwaka 1957 iliachwa ikafa. Chama kilidumu, nacho kiko hata leo.

Hatusemi ya kuwa watu wale walikuwa waovu, wala ya kuwa watoto waliookota taka kando ya barabara walifanya kazi bure. Barabara zilisafishwa kweli. Ila tazameni fundisho lenyewe. Tarehe 22 Aprili 1971, Siku ya Dunia, chama kile kilitoa picha fupi katika televisheni, nayo ikawa mashuhuri kuliko zote za namna yake. Mtu aliyevaa mavazi ya wenyeji wa asili wa Marekani apiga kasia katika mto wenye taka. Afika pwani iliyojaa uchafu. Gari lapita, na mfuko wa takataka watupwa kutoka dirishani, wapasuka miguuni pake. Ageuka, na chozi moja lamshuka shavuni. Kisha sauti yasema ya kuwa uchafu huanzishwa na watu, na watu ndio wawezao kuukomesha. Wengi walilia walipoiona. (Baadaye ikajulikana ya kuwa mchezaji yule, Iron Eyes Cody, alizaliwa na wazazi waliotoka Italia. Na mwaka 2023 chama kiliwakabidhi wenyeji wa asili wenyewe haki ya picha ile, kwa mfuko wa baraza lao, nao wakaiondoa katika matumizi.)

Watu ndio waanzao: ndilo neno lile lile la karatasi tuliyoisoma mimbarini. Aliyefungua dirisha la gari alionekana na kuhukumiwa. Aliyeutengeneza mkebe ule uwe wa kutupwa, akijua ya kuwa utatupwa, hakuonekana popote katika picha, ijapokuwa fedha ya picha ilitoka mfukoni mwake na mwa wenzake.

Katika mwaka huo wa 1971 jimbo la Oregon lilitunga sheria ya kuirudisha ile desturi ya rehani, senti 5 kwa chupa nyingi na mikebe ya bia na soda. Tangu mwaka 2017 ni senti 10. Makampuni ya vinywaji na ya mikebe yalishindana na sheria za namna hii jimbo kwa jimbo, na viongozi wa chama kile cha usafi wakasimama upande wa wazipingao. Mwaka 1976 vyama kadhaa vya kulinda mazingira vilivyokuwa vikikishauri vilijitoa kwa sababu hiyo. Basi hapo mambo yalifunuka. Fundisho lile lilimwita kila mnywaji atubu, na zamu ya mwenye kiwanda ilipofika, likanyamaza.

Wala mambo haya hayakukoma huko wala zamani zile. Mwezi wa Novemba 2022 mataifa yalipokutana Sharm el-Sheikh, katika nchi ya Misri, kufanya shauri juu ya kuharibika kwa hali ya hewa ya dunia, kampuni ya Coca-Cola ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa mkutano. Mwaka 2024 wataalamu walitoa hesabu ya taka za plastiki zilizookotwa na watu wa kujitolea katika nchi 84, tangu mwaka 2018 hata 2022. Karibu nusu ya taka hazikuwa na jina la mtengenezaji. Katika zile zenye jina, makampuni 56 yalikuwa na zaidi ya nusu, na hiyo moja, Coca-Cola, ilikuwa na 11 katika kila 100. Twayataja haya kwa kuwa yameandikwa mbele ya watu wote, wala si kwa kutaka kumfanya mmoja kuwa mbuzi wa kubeba makosa ya wengine. Mwaweza kuyatazama wenyewe: nendeni mferejini, mkaokote, mkasome majina.

Sasa turudi kwetu. Mwaka huu kampuni ile ilituandikia tena, na mara hii zawadi ilikuwa kubwa: tangi la maji kwa shule yetu, na miche 2,000. Pamoja na barua yalikuja maandishi ya mapatano, na katika ukurasa wa tatu tulikuta ya kuwa usharika hautasema wala kutenda neno lolote liwezalo kuipunguzia kampuni sifa yake njema. Tukaliita baraza la wazee.

Mzee mmoja aliye mkubwa kwetu kwa umri, aliyekuwa mzee wa kanisa tangu sisi tu wanafunzi, alisimama akasema, "Mchungaji, watoto wetu wachota maji mahali pamoja na ng'ombe. Tangi hili ni maji safi kwao, mwaka huu, si mwaka ujao. Mti haumwulizi mtu aliyeununua, humea tu. Na hili kanisa tulilokaa ndani yake lilijengwa kwa sadaka za watu ambao hatukuwauliza mali wameipataje. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu." Wengine wakaitikia. Hatutaficha ya kuwa maneno yake yalituchoma, wala hatuwezi kuyajibu yote hata sasa. Kila siku tunayokawia, mtoto fulani anywa maji yale.

Twakubali neno lake la kwanza. Zawadi haiwi najisi kwa sababu mkono uliotoa una doa. Kama tungekataa fedha ya kila mtu aidhuruye nchi, tungeanza kwa kukirudisha kikapu chetu cha sadaka, maana dawa za mikahawa zishukazo mtoni ni zetu, na miti iliyokatwa juu ya chemchemi ilikatwa na babu zetu na baba zetu, na baadhi yetu tungali na mbao zake darini. Anayengoja mfadhili asiye na kosa atangoja mpaka mlima uote bahari.

Lakini kuna jambo jingine, na hapo ndipo tulipotengana na mzee wetu. Sadaka ni kitu kimoja, na deni ni kitu kingine. Zakayo mtoza ushuru alipoguswa moyo hakuyachanganya mambo mawili. Nusu ya mali yake aliitoa kwa maskini. Hiyo ni sadaka. Aliowadhulumu aliahidi kuwarudishia mara nne. Hilo ni deni. Angaliweza kusema, "Maskini wamepata nusu, na waliodhulumiwa waridhike na habari njema hiyo," na watu wa Yeriko wangalimshangilia labda zaidi. (Wala hatusomi ya kuwa aliomba ubao penye njia panda.)

Basi tuitazame hesabu ya kampuni. Yauza chupa, chupa zarudi mferejini, mfereji wafurika, migomba yaoza mizizi, vijana wa usharika wafanya kazi siku nzima kuzitoa. Mapipa yale 6, je, ni sadaka, au ni malipo ya sehemu ndogo ya gharama tuliyobebeshwa? Jirani yako ng'ombe wake wakila mahindi yako, kisha akakuletea debe moja, utalipokea, tena kwa adabu. Lakini hutasimamisha ubao shambani uandikwe ya kuwa huyu ndiye mlezi wa shamba. Tena hutakubali akuambie, "Nimekupa debe, basi usinene habari za ng'ombe wangu." Mwenye deni hamwekei masharti amdaiye.

Hapo ndipo sisi tulipokosa mwaka juzi. Kupokea mapipa hakukuwa kosa. Kosa letu ni kwamba tulimwazima mdaiwa mimbari, awahubirie wadai wake juu ya dhambi zao. Sisi tuliosoma katika chuo jinsi Luther alivyopinga barua za msamaha mwaka 1517, tungalipaswa kuwa wepesi zaidi kutambua. Watu wa Ujerumani waliambiwa fedha yao yajenga kanisa la Petro Mtakatifu huko Roma, na kweli nusu yake ilikwenda huko; nusu ya pili ililipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa matajiri wa ukoo wa Fugger. Jengo lile ni zuri, lasimama hata leo. Uzuri wa jengo haukuifanya barua iwe toba.

Mtu mmoja katika baraza aliuliza, "Je, yuko mtu aliyepata kupokea fedha za watu kwa ajili ya miti, na kinywa chake kisifungwe?" Ndiyo, yuko, tena jirani yetu. Wangari Maathai wa Kenya alianza kazi yake tarehe 5 Juni 1977 kwa miti 7 katika kiwanja kimoja Nairobi. Alipokea msaada kutoka nje, na watu wa Norwei wakiwamo, na wanawake wa vijijini walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliokua. Hata mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, yeye aliyekuwa mpanda miti tu machoni pa wengi akasimama akapinga. Alitukanwa bungeni, chama chake kikafukuzwa katika ofisi yake, jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Kama mapatano yake na waliompa fedha yangalikuwa na ule ukurasa wa tatu, angaliendelea kupanda miti kwa amani, na bustani ingalikwisha.

Baraza lilikaa siku mbili. Mwisho tuliandika barua, na mzee wetu mwenyewe alikubali kutia mkono, ijapokuwa alisema wazi ya kuwa aona tutapoteza tangi. Tuliishukuru kampuni kwa miche, ambayo ni kweli tuliihitaji. Tukaomba maneno ya ukurasa wa tatu yafutwe. Tukaomba pia jambo ambalo hawakulitoa: waweke bei juu ya chupa tupu, hata ikiwa ndogo, na gari liletalo maboksi yaliyojaa lirudi na magunia ya chupa tupu, kama magari ya soda yalivyorudi na kreti tangu utoto wetu. Tukasema, wakifanya hili, hawatahitaji kutupa mapipa, maana watoto watakuwa mapipa yao.

Tena tulijiandikia sisi wenyewe azimio, kwa kuwa karatasi ile haikusema uongo juu yetu. Sikukuu za usharika zilikuwa zikinunua maboksi ya chupa bila hesabu, na sisi wachungaji ndio tuliowekewa chupa ya kwanza mezani. Tangu Pasaka maji huchemshwa na kina mama katika masufuria ya shule, hunywewa kwa vikombe vya bati. Kuna manung'uniko juu ya kuviosha. Vijana wamepewa kazi hiyo, wala hawaipendi, na wageni wengine waona tumewavunjia heshima kwa kuwanywesha kikombe kama mahabusu. Twavumilia.

Miche 400 ya mwaka juzi tuliihesabu katika kiangazi hiki, na iliyo hai ni 131, yote ile iliyo karibu na nyumba za watu, ambako pana mtu wa kuimwagia maji. Iliyopandwa siku ya picha, kwenye mteremko wa juu, imekufa karibu yote. Mapipa 4 yangali penye kazi. Mawili yamechukuliwa na shule, yatunza mahindi.

Jibu la kampuni halijafika hata tunapoandika haya. Ubao ungali pale njia panda, kwa kuwa baraza liliona si haki kuung'oa kitu tulichokikubali kwa mikono yetu kabla ya kusikia neno lao. Yule mama muuza ndizi apitapo asubuhi hutua mzigo wake chini ya ubao huo, apumzike kivulini.